Nilibonyeza kipira, nikatolewa kwenye MRI. Sasa nirudije?

Mshauri, salaam.

Mimi ni mama wa miaka 44, fundi cherehani hapa Tanga. Kwa miezi saba sasa nina maumivu ya kiuno yanayoshuka kwenye tako la kushoto, nyuma ya paja, mpaka kwenye unyayo. Nilidhani ni uchovu wa kukaa kwenye cherehani, nikawa nameza diklofenaki ya dukani na kujipaka dawa ya kuchua. Siku hizi siwezi kushona nusu saa bila kusimama, na kandambili ya mguu wa kushoto inachopoka njiani mpaka watu waniite, “Mama, umeacha kiatu.” Daktari wa mifupa alinipiga eksirei, akasema mifupa haina tatizo kubwa ila anataka kuona diski na mishipa ya fahamu. Akaniandikia MRI ya kiuno, kipimo cha kupiga picha za ndani ya mwili, nikapime Dar es Salaam.

Hela ilitoka kwa mdogo wangu wa kiume anayefanya kazi Muskati: laki nne ya kipimo, mbali na nauli na malazi. Nilikwenda na binti yangu wa miaka 17.

Mshauri, hakuna aliyeniambia kile chombo kikoje. Nilidhani ni kama eksirei, unaambiwa vuta pumzi, basi, umemaliza. Wakanivua bangili na hereni, wakanilaza chali kwenye kitanda chembamba, wakaniziba masikio, wakanipa kipira mkononi. Kijana mmoja akasema, “Usitingishike, ukipata shida bonyeza,” akatoka, mlango ukafungwa. Kitanda kikaanza kuingia. Nikafumbua macho, nikaona dari iko shibiri moja kutoka puani. Neno lililonijia ni moja tu: mwanandani. Nilijiona nimelazwa kaburini ningali hai. Kisha zikaanza kelele, kama watu kumi wanagonga madebe. Midomo ikafa ganzi, vidole vikakakamaa, nikajua hewa imekwisha. Nikabonyeza. Binti yangu anasema sikufikisha hata dakika tano.

Yule kijana hakunitukana, lakini alisema, “Mama, mbona watoto wanamaliza?” Nikaomba radhi, nikavaa, nikaenda kulia chooni. Hela haikurudi.

Jioni mdogo wangu akapiga simu kuuliza majibu. Nikamwambia mashine imeharibika, wamesema nirudi siku nyingine. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Sasa amekuwa mbogo. Anataka namba ya hospitali awapigie, warudishe hela au wanipime bure. Kila siku anauliza, na binti yangu ananitazama tu.

Mume wangu anajua ukweli. Anasema nikapigwe nusu kaputi, nizinduke mambo yamekwisha. Mimi naogopa, maana jirani yangu ana ndugu aliyelazwa usingizi hospitali na hakuamka. Shoga yangu anasema niombe CT scan, ile ni duara tu, huingii ndani. Na kuna bibi anayenikanda, yeye anasema mgongo haupigwi picha. Kusema kweli akinikanda nalala vizuri siku mbili.

Kinachonishangaza, mimi si mtu wa kuogopa kubanwa. Nimepanda daladala tumebanana mpaka shingo haigeuki, sijawahi kuhisi vile. Kwa nini pale? Na umeme ukikatika mtu yumo ndani inakuwaje? Nirudi, nilazwe usingizi, niombe kipimo kingine, au niachane nayo? Na mdogo wangu nimwambie nini?

Mshonaji, Tanga

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu Mshonaji, pole sana, na pole zaidi kwa kulia peke yako chooni siku ambayo ulihitaji mtu wa kukushika bega.

Ninavyoisoma barua yako, mambo mawili yamefungwa fundo moja. La kwanza ni picha ya kiuno: utaipataje bila kupitia tena yale ya siku ile. La pili ni maneno uliyomwambia mdogo wako. Yalitokea siku moja, ndiyo maana yanakulemea pamoja, ila kila moja lina mlango wake. Tutafika. Kwanza nirudi kwenye jambo ulilolitaja kwa haraka kama halina uzito: kandambili.

Kandambili hushikiliwa na vidole na misuli ya mbele ya mguu. Ikichopoka mara kwa mara bila wewe kuhisi, huenda mshipa wa fahamu unaokwenda unyayoni umebanwa kiasi cha kupunguza nguvu, au hisia, au vyote viwili. Shika meza, tembea hatua kumi kwa visigino vidole vikiwa juu, kisha hatua kumi kwa ncha za vidole. Kama mguu wa kushoto unaanguka wakati wa kulia unasimama, mweleze daktari wako wiki hii, usingoje tarehe ya kipimo. Maumivu peke yake daktari anaweza kuyatibu kwa muda hata bila picha. Mguu unaopoteza nguvu ndio unaomfanya aharakishe. Na kuna dalili ambazo hazingoji kesho: mkojo kugoma kutoka au kutoka bila kujua, choo kikubwa kukuponyoka, ganzi sehemu inayogusa tandiko la baiskeli, au miguu yote miwili kulegea. Ukiona mojawapo, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kwa hiyo bibi wa kukanda hana kosa kukupa nafuu. Misuli iliyokakamaa ikikandwa inalegea na mtu analala. Ila mikono yake haiwezi kumwambia daktari kwa nini kiatu kinabaki njiani. Ukiendelea naye, mwombe asikukanyage mgongo wala asikupinde kwa nguvu mpaka ijulikane kilichobanwa ni nini.

Sasa swali lako la daladala. Ni swali zuri kuliko unavyodhani. Mle ndani, hata mkibanana vipi, una neno moja mdomoni: “Shusha!” Konda anagonga bati, gari linasimama. Huenda hulitumii mwaka mzima, lakini unajua lipo. Kwenye MRI ulilazwa chali, masikio yamezibwa, hujui itachukua dakika ngapi, hujui kama kuna anayekuona, na neno lako la kushuka ulipewa kwa haraka mtu akiwa anaelekea mlangoni. Nashuku kilichokutisha hakikuwa wembamba wa bomba tu. Ulikuwa hujui kwa hakika kwamba ukisema “shusha” watashusha.

Leo unajua. Ulibonyeza, wakaja. Wewe umeliandika jambo hilo kama aibu, nami naliona ni kitu cha thamani ulichotoka nacho mle ndani, maana wengi wanaolala pale hawajawahi kukijaribu kile kipira. Na kuhusu watoto wanaomaliza: wadogo wengi hulazwa usingizi kwanza. Kijana yule angeweza kukwambia hilo.

Hewa nayo haikuisha. Bomba liko wazi pande zote mbili na kuna feni inayopuliza ndani. Ganzi ya midomo na vidole kukakamaa huja mtu anapohema haraka mno: anatoa kaboni dioksidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza, damu inabadilika kidogo, na mishipa ya fahamu inaanza kuwashawasha. Yaani mwili umeshiba oksijeni, lakini kichwa kinapiga kelele kwamba inakosekana. Ukizidi kuvuta hewa ndipo unapozidi kukakamaa. Kinachosaidia ni kupunguza mwendo wa pumzi, na hasa kurefusha ile ya kutoka.

Mlango ulifungwa kwa sababu chumba kizima kimezungushiwa shaba, kuzuia mawimbi ya redio ya nje yasiharibu picha. Upande wa pili wa kioo kuna mtu anakutazama na ana maikrofoni ya kuongea nawe. Zile kelele ni za koili, yaani nyaya zilizoviringwa, zilizo ukutani mwa bomba: umeme unapita ndani yake ukiwashwa na kuzimwa kwa kasi, sumaku kubwa ambayo mashine hutumia kupiga picha inazisukuma, zinatikisika kama spika. Kila aina ya picha ina mlio wake. Kwa hiyo mlio ukibadilika ujue picha moja imekwisha na nyingine inaanza, na kukiwa kimya hakuna kilichoharibika. Ule mlio mdogo wa chwi-chwi usiokoma ni pampu ya kupoza, hauhusiani nawe.

Umeme ukikatika, taa na feni huenda vikazima mpaka jenereta iwake, kelele zinanyamaza, na kitanda kinafunguliwa na kuvutwa nje kwa mkono. Sumaku yenyewe haizimiki. Katika mashine nyingi kubwa nyaya zake zimezamishwa kwenye heliamu ya kimiminika, kama nyuzi 269 chini ya sifuri, na kwa baridi hiyo mkondo unazunguka bila kusukumwa na TANESCO. Hata gizani ingali inavuta chuma. Nitarudi hapo, maana wewe ni fundi na una pini.

Tuangalie njia ulizonazo. Sitakuchagulia, lakini nitakwambia kila moja inataka nini.

Ya kwanza ni kurudi ukiwa macho, ila si kama ulivyokwenda. Mazoezi yanaanzia nyumbani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe utalala kabisa. Jilaze chali uvunguni mwa kitanda, au chini ya meza yako ya kukatia vitambaa, mto chini ya magoti, kitaulo kimefunika macho, binti yako ameketi karibu. Mwambie atafute kwenye simu sauti ya MRI aicheze kwa nguvu. Siku ya kwanza dakika tano, kisha kumi, kisha ishirini, kila siku kwa wiki mbili hivi. Hofu itapanda, na ukitulia palepale itashuka yenyewe. Toka ikiwa imeshuka. Ukitoka ikiwa kileleni, mwili unajifunza kwamba kilichokuokoa ni kukimbia, na kesho yake inakuwa ngumu zaidi. Kama kiuno hakikuruhusu kulala sakafuni, weka godoro jembamba, au jilaze kitandani ufunikwe uso na kapu kubwa la ukili. Si lazima pafanane na mashine.

Mle uvunguni fanya pumzi: ingiza kwa puani ukihesabu nne, toa polepole ukihesabu sita. Iwe pumzi ndogo. Watu wengi hukosea hapa, wanaambiwa “vuta pumzi ndefu” na tumbo linapanda na kushuka, wakati kiuno kiko nyuma ya tumbo na picha inatoka na ukungu. Pumzi moja ya namna hiyo ni sekunde kumi, yaani sita kwa dakika. Picha ya dakika nne ni pumzi 24. Kama ulimi wako umezoea uradi, uradi unafaa zaidi ya namba, ilimradi midomo isichezecheze sana. Na kama hospitali ina vipokea sauti vya muziki, uliza kama wanaweza kukuchezea ulichokuja nacho. Taarabu za zamani zinafaa kwa kazi hii: nyimbo mbili za dakika kumi na kitu kila moja, na kipimo kinaelekea ukingoni.

Kabla ya kusafiri, piga simu idara yao ya radiolojia, yaani ya vipimo vya picha. Sema bila kuzunguka: “Nina hofu ya sehemu finyu, mara ya kwanza nilishindwa.” Wamezoea kuisikia sentensi hiyo, na inabadilisha namna utakavyopangiwa. Omba saa isiyo na msongamano, ya kwanza asubuhi au ya mwisho, ili mtaalamu awe na dakika tano za kukuonyesha mashine kabla hujalala. Uliza upana wa bomba. Mashine nyingi za zamani zina sentimita 60, nyingi za karibuni zina 70, na sentimita kumi hizo zinasikika usoni. Kama wana zote mbili, omba ile pana.

Uliza pia kama wanaweza kukuingiza kwa kutanguliza miguu. Kinachotakiwa kukaa katikati ya sumaku ni kiuno, na kutoka kiunoni hadi utosini kwa mtu mzima ni sentimita 60 na kitu. Bomba nyingi zina urefu wa mita moja na nusu hivi. Fanya hesabu kama ya kitambaa: kiuno kikiwa katikati, kichwa kinabaki karibu na mdomo wa bomba, upande ule ulioingilia, waliko watu. Si kila mashine inakubali, inategemea koili za kunasa picha walizonazo na urefu wako, ila swali hili wagonjwa wengi hawajui kama linaulizwa.

MRI ya kiuno kwa kawaida ni dakika 20 hadi 30, nayo si picha moja. Kuna fupi ya kutafuta mahali, kisha kadhaa za dakika tatu hadi tano kila moja. Mwombe mtaalamu aanze na zile za ubavuni, zinazoonyesha diski zote na uwazi wa uti kwa pamoja, ili ukishindwa njiani daktari wako awe na kitu cha kutazama. Mwombe pia kabla ya kila mlio aseme, “Inayofuata ni dakika nne.” Katikati ya milio utameza mate na kukohoa, lakini usihame ulipolala. Ukitikisika kidogo, inayoharibika ni picha ile moja, inarudiwa hiyo tu, zilizotangulia zipo. Na kipira, kubalianeni nacho: kibonyeze mara moja kabla kitanda hakijaingia, usikie mwenyewe mlio wake.

Macho yafumbe na uyafunike kwa kitaulo kabla kitanda hakijatembea, usiyafumbue mpaka utolewe. Siku ile uliyafumbua ndani, na kile ulichokiona ndicho kilichokupa neno mwanandani. Mto chini ya magoti uombe, kwa sababu kulala miguu imenyooka kunavuta mgongo, na anayeumia hatulii. Dawa ya maumivu uliyoandikiwa na daktari imeze saa moja kabla, ukiwa umekula. Kwa MRI ya kiuno ya kawaida hufungi, labda wakwambie vinginevyo. Kahawa na chai kali ziache siku hiyo, zinaongeza mapigo ya moyo nawe utayasikia yote mle ndani. Nenda haja dakika ya mwisho.

Mikono, dada yangu, isigusane. Najua mtu akiogopa hushikanisha viganja kama anayeomba dua, lakini viganja vilivyoshikana hufanya duara ambalo umeme wa mashine unaweza kuzunguka humo na kuunguza ngozi. Weka kila mkono upande wake, dua ibaki moyoni. Joto dogo la mwili ni la kawaida. Sehemu moja ikichoma, bonyeza.

Na hapa ndipo kwenye pini. Wewe kazi yako ni kuchomeka sindano kifuani na kuzisahau. Kagua nguo, kanga, sidiria, pindo la gauni. Pini za ushungi zitoke zote. Omba kitambaa cha pamba cha kufunga kichwa bila pini, ni ombi la kawaida. Bangili, hereni, kipini, hirizi yenye bati, vibanio, wanja, vyote vibaki nje. Na kama sindano ya cherehani iliwahi kukukatikia kidoleni na ncha ikabaki, sema kwenye ile fomu ya maswali, hata kama ni ya miaka ishirini iliyopita. Vivyo hivyo kifaa chochote kilichowahi kuwekwa mwilini, cha moyo, cha sikio, cha mfupa, au lupu, na kama kuna uwezekano wa mimba. Vingi havizuii kipimo, ila wao ndio wa kuamua, na waamue kabla hujaingia.

Njia ya pili, usingizi. Hapa wewe na mume wako mnazungumza kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni ngazi. Ya chini ni kidonge cha kutuliza, kama diazepamu, anachoandika daktari, unameza takriban saa moja kabla. Huwi umelala, unakuwa unajali kidogo. Kinawatosha wengi. Hasara yake ni kwamba siku hiyo hushiki cherehani, husaini kitu, husafiri peke yako; panga kulala Dar. Usichukue cha jirani, na mwambie daktari dawa zote unazotumia, hasa nyingine zinazoleta usingizi, na kama unakoroma mpaka pumzi inakatika. Ngazi ya kati ni sindano, na ya juu ndiyo nusu kaputi yenyewe. Hizo mbili zinapunguza nguvu ya kupumua, na hapo ndipo hatari inapokaa. Kilichompata ndugu wa jirani yako hatukijui, huenda alikuwa mgonjwa mahututi tayari. Hofu yako si ya kijinga, ila ingefaa igeuzwe kuwa maswali. Nani atakaa nami muda wote, na kazi yake ni hiyo tu? Mna kifaa cha kupima oksijeni na moyo kinachoruhusiwa karibu na sumaku? Nikiacha kupumua vizuri mnanitoa vipi na kunihudumia wapi? Hospitali iliyojipanga inajibu bila kukasirika. Utaambiwa usile saa sita kabla, na maji matupu uache saa mbili kabla. Gharama inapanda, na si kila kituo chenye MRI kina timu ya usingizi.

Shoga yako naye hajakosea kuhusu CT. Ni duara fupi, uso unabaki nje, inapiga kwa sekunde chache. Lakini inatumia mionzi, mingi kuliko eksirei ya kawaida, na nguvu yake ni mifupa. Diski kubwa iliyochomoza inaweza kuonekana. Mshipa wa fahamu ulivyobanwa hauonekani vizuri kama kwenye MRI. Muulize daktari: “Ukiiona CT peke yake, utaweza kuamua cha kunifanyia?” Akisema hapana, utakuwa umelipa mara mbili. Kuna pia mashine za MRI zilizo wazi ubavuni. Nguvu ya sumaku yake, inayopimwa kwa tesla, kwa kawaida ni ndogo, 0.2 hadi 0.4, wakati zile za bomba mara nyingi ni 1.5, kwa hiyo picha huwa hafifu zaidi na muda mrefu zaidi. Dari bado liko karibu na pua, ila ukigeuza macho pembeni unaona chumba, na kwa mtu wa daladala huenda hicho ndicho dirisha lake.

Kuachana nayo kabisa ni njia pia, wala sitakuficha kwamba maumivu mengi ya diski hupungua yenyewe kwa miezi. Kama mguu ungekuwa imara ningekwambia jadili hilo na daktari bila haraka. Kandambili ndiyo inayonifanya nisite.

Sasa mdogo wako. Unamwita mkali, lakini sikia anachopigania: hela yake, ndiyo, na dada yake asionewe. Ukali wote ule umeelekezwa kwa hospitali kwa sababu ulimpa hospitali ya kuikasirikia. Siku akipata namba na kupiga, ataambiwa mashine ilikuwa nzima, na atausikia ukweli kwa mtu mwingine. Hiyo ni hatari moja. Nyingine ni ya binti yako, anayebeba siri ambayo si yake. Upande wa pili, ukisema, huenda akacheka, huenda akakwambia maneno yaleyale ya “watoto wanamaliza”, na yeye ndiye anayelipa. Hilo nalo si dogo. Unadhani atakudharau, lakini kwenye barua yote hukuandika neno moja alilowahi kukudharau nalo. Je, aibu hiyo ni yake au ni yako?

Ukiamua kusema, huna haja ya hotuba. Tuma sauti fupi: “Mdogo wangu, mashine haikuharibika. Niliogopa mle ndani nikaomba nitolewe, nikaona haya kukwambia. Nataka kurudi, na safari hii najiandaa.” Kisha mpe kazi, maana mtu aliye mbali hukasirika zaidi akiwa hana la kufanya. Yeye ndiye apige simu kuuliza upana wa bomba na kutanguliza miguu. Na kuhusu hela, usiitupe risiti. Kipimo ambacho hakikukamilika, baadhi ya vituo hukubali kukimalizia bila kulipisha upya au kwa punguzo. Ombi hilo linasikika zaidi likija na ukweli kuliko likija na madai ya mashine mbovu.

Ukiona bado huwezi kumwambia, basi angalau mwambie binti yako kwamba hatadaiwa kukufichia. Kisha uliza hospitali kama anaweza kuingia nawe chumbani. Wengi wanakubali, akiwa hana mimba na amejaza fomu kama yako. Atazibwa masikio, atakaa mdomoni mwa bomba, atakushika bega au unyayo muda wote; mkono wa mtu unaemjua unasikika mle ndani kuliko maikrofoni. Mweleze mapema tu kwamba simu inabaki nje, na pini za ushungi wake nazo zitoke zote.